Kabla ya Kulinyanyua Gari la Mradi, Tulitazame Chini Yake

(Mazungumzo ya ofisi ya miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, Himo. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya sharika ambazo hazikuwakilishwa, na kwa marafiki wanaochangia kazi hii.)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja hapa Himo, hasa ninyi mliotoka mbali, wengine juu Mwika na Mamba, wengine tambarare upande wa Kahe. Tunajua kila mmoja ameacha kazi nyumbani, kwa hiyo tutajitahidi tusipoteze muda wenu.

Ajenda yetu ni moja, gari la mradi. Wote mnalifahamu. Ni ile Land Cruiser ndefu ambayo wengi wetu huiita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Ndilo linalobeba wauguzi na masanduku ya chanjo, ndilo linalobeba mabomba ya maji na saruji, na usiku likiitwa ndilo linalobeba mama mjamzito mpaka hospitali. Likikwama, si gari tu lililokwama.

Katika masika, yaani Machi hadi Mei, gari hili hukwama. Kwa sababu hiyo tumeletewa mapendekezo mawili. La kwanza limetoka kwa baadhi ya vijana na wajumbe wetu, kwamba gari linyanyuliwe inchi 4 na kufungwa tairi kubwa zaidi, kama magari tunayoyaona yakipita Njia Panda kuelekea mbugani. La pili limetoka kwa marafiki zetu wa ng'ambo, ambao kwa upendo wao wako tayari kununua vifaa vyote vya kunyanyulia. Ofisi imeombwa itoe maelezo kabla kamati hazijapiga kura.

Tunasema mapema tulikofikia, ili msikilize mkijua tunakokwenda. Tunashauri gari lisinyanyuliwe inchi 4. Tunashauri lifanyiwe mambo mengine saba, ambayo mengi ni ya gharama ndogo, na moja kati ya hayo halihitaji gereji bali majembe. Sasa tueleze kwa nini.

Alama za tope zinasema nini

Kabla ya kuandika lolote, tulilaza turubai chini ya gari tukiwa na dereva na fundi, tukaangalia mahali lilipokwaruzwa. Chuma hakidanganyi. Alama tulizikuta sehemu tatu. Ya kwanza ni kwenye difu ya nyuma, lile fuu la duara lililo katikati ya ekseli. Ya pili ni kwenye chuma cha kuvutia tela kilichoning'inia nyuma. Ya tatu ni kwenye ngazi za pembeni. Chini ya bodi yenyewe na kwenye chesisi hapakuwa na mkwaruzo wa maana.

Jambo hili ndilo msingi wa maelezo yote yanayofuata. Gari letu lina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachotoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, na difu imekaa katikati yake. Ekseli imebebwa na tairi. Springi zimekaa juu ya ekseli, na bodi imekaa juu ya springi. Ukiweka springi ndefu, kinachopanda ni kilicho juu ya springi, yaani chesisi, bodi, injini na abiria. Ekseli haipandi hata milimita moja, na difu inabaki pale pale ilipokuwa.

Wenye magari madogo ambayo kila gurudumu lina mkono wake wana hesabu tofauti kidogo. Lakini kwa Land Cruiser ya aina hii, na kwa Land Rover za zamani ambazo bado zipo katika misheni nyingi za mkoa wetu, kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu. Tairi ikiongezeka kipenyo kwa inchi 2, inchi moja huongezeka juu ya ekseli na inchi moja chini yake.

Tufanye hesabu kwa tairi ambazo mafundi wanazifahamu. Tairi ya 235/85R16, ambayo inakaribiana kwa kimo na ile ya 7.50R16 tuliyoizoea, ina kipenyo cha milimita 806 hivi kwa hesabu ya namba zake. Ile kubwa iliyopendekezwa, 285/75R16, ina milimita 834. Tofauti ni milimita 28. Difu itapanda milimita 14, yaani sentimeta moja na nusu isiyotimia.

Ndugu zangu, barabara zetu za tambarare wakati wa mvua huchimbwa na malori mpaka kunabaki mgongo wa udongo katikati ya njia mbili za tairi. Mgongo huo ndio unaoishika difu. Bodi ikipanda sentimeta 10, abiria wataona mbali zaidi, lakini difu italima mgongo ule ule kama ilivyokuwa ikilima.

Propela shafti haipendi pembe kali

Tuseme tumekubali kunyanyua. Ni nini kinafuata?

Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, hupitia giaboksi ya pili inayogawa mbele na nyuma, kisha husafiri kwa propela shafti mpaka kwenye difu. Giaboksi imefungwa kwenye chesisi, juu. Difu iko kwenye ekseli, chini. Kwa hiyo shafti hiyo imelala kwa mteremko, na kila upande ina jointi yenye chuma cha umbo la msalaba ambacho mafundi wetu hukiita krosi. Wajerumani, na wengi wenu mmewasikia wageni wetu wa kule, huiita shafti hii kwa jina la Mwitaliano Gerolamo Cardano, aliyeishi mwaka 1501 hadi 1576. Ni ufundi wa zamani, na kanuni zake hazijabadilika.

Krosi ikifanya kazi kwa pembe ina tabia moja. Upande unaoingiza nguvu unazunguka kwa mwendo mmoja, lakini upande wa pili unaharakisha na kupunguza mwendo mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10, mwendo hupanda na kushuka kwa kama asilimia moja na nusu. Kwa pembe ya nyuzi 20, hufika kama asilimia 6. Gari lenye tairi zetu na difu ya uwiano wa 4.1 kwa 1, likienda kilometa 80 kwa saa, propela huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kwa hiyo mtikisiko huo hutokea zaidi ya mara 4,000 kwa dakika.

Kwa nini basi hatuusikii? Kwa sababu krosi ziko mbili. Ya pili hufuta kosa la ya kwanza, kwa masharti mawili: pembe za juu na chini ziwe sawa, na masikio ya shafti yanayoshika krosi yawe yamelingana pande zote mbili. Kiwandani masharti hayo yamehesabiwa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Ukinyanyua bodi inchi 4, pembe zote mbili huongezeka. Krosi hukaa kwenye kazi ngumu muda wote na huisha mapema. Mafundi wengine huweka kabari kati ya springi na ekseli ili shingo ya difu iangalie juu. Kabari hiyo hupunguza pembe ya chini lakini ya juu inabaki kubwa, na sasa haziko sawa tena. Hapo gari huanza kutetemeka na kuvuma kwenye lami ya kwenda Marangu, na wa kwanza kulipia ni beringi na sili ya shingo ya difu, inayoanza kuvuja. Dawa ya kweli ni shafti yenye jointi mbili zilizounganishwa upande wa giaboksi. Dawa hiyo ipo, lakini ni shafti nyingine mpya, na krosi zake ni za kuagiza.

Kuna na suala la urefu. Propela ina sehemu inayoteleza ndani ya nyingine kwa meno, ili irefuke na kufupika barabara inapopanda na kushuka. Bodi ikipanda, meno yanayoshikana yanapungua. Wengine huikata shafti na kuiunga kwa kuchomelea kipande. Kazi hiyo inawezekana, na mafundi wa kukereza chuma wa Moshi na Arusha wanaifanya, lakini lazima masikio ya pande mbili yalingane na shafti ipimwe uwiano wa uzito baada ya kuungwa. Isipopimwa, tumebadilisha tatizo la tope kuwa tatizo la kila siku.

Usukani na breki

Mbele mambo ni magumu zaidi. Land Cruiser za aina hii zilianza kutengenezwa mwaka 1984 zikiwa na springi za bamba mbele na nyuma. Kuanzia mwaka 1999 mbele ziliwekwa springi za koili, na ekseli hushikwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi. Bodi ikipanda, mikono hiyo inainama na kuizungusha ekseli. Kiwandani ekseli ya mbele iliwekewa mwinamo mdogo wa kwenda nyuma, ambao ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Mwinamo huo ukipungua, gari linatangatanga barabarani na dereva analazimika kulirekebisha kila wakati. Ukiuregesha mwinamo kwa bushi maalumu, shingo ya difu ya mbele inainama chini na pembe ya propela ya mbele inazidi kuwa kali. Ukitengeneza hili, unaharibu lile. Kuna pia fimbo inayovuka toka chesisi hadi ekseli. Bodi ikipanda, fimbo hiyo huivuta ekseli upande mmoja, na inabidi ibadilishwe iwe ya kurekebishika.

Lakini tunaomba msikilize zaidi habari ya breki, kwa sababu sisi ni watu wa mlimani. Barabara za Kilema, Kirua na Mamba zinashuka sana, na mtu anayeshuka na mzigo anategemea breki na injini.

Kwanza, hozi za breki zina urefu maalumu. Gari lililonyanyuliwa likipita korongo na gurudumu likaning'inia, hozi fupi huvutwa. Zinahitajika ndefu. Pili, Land Cruiser nyingi za aina hii zina vali inayopima uzito nyuma, iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisijifunge. Likipakiwa, bodi hushuka na vali huruhusu nguvu zaidi. Sasa ukinyanyua bodi bila kurekebisha vali hiyo, inadhani gari ni tupu siku zote. Utakuwa umebeba watu 10 na mifuko ya saruji, unashuka Mamba, na breki za nyuma zinafanya kazi kama vile umebeba hewa.

Tatu, tairi kubwa hurefusha gia zote. Kwa zile tairi tulizozihesabu, ni kama asilimia tatu na nusu. Mwendo unaosomeka kilometa 80 kwa saa ni karibu kilometa 83 kwa kweli. Kupanda, injini itachoka mapema. Kushuka, itazuia kidogo kuliko zamani. Na breki ile ile italazimika kusimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi. Si tofauti ya kutisha ikiwa peke yake. Lakini ikiongezwa juu ya hayo mengine, ni mzigo juu ya mzigo.

Ubavu wa mlima

Wajumbe wa sharika za juu wanajua kwamba njia nyingi za kwenye vihamba hazipandi moja kwa moja. Zinakata ubavu wa mlima, upande mmoja migomba, upande wa pili korongo. Gari linalopita hapo linainama pembeni.

Chukueni mfano wa hesabu. Gari lina upana wa sentimeta 145 kati ya tairi za kulia na za kushoto, na kitovu cha uzito wake kiko sentimeta 80 kutoka ardhini. Likiwa limesimama, litaanza kupinduka likiinama zaidi kidogo ya nyuzi 42. Kiinue kitovu hicho sentimeta 9, kama ambavyo springi na tairi zinazopendekezwa zingeweza kukiinua, na sasa litaanguka kwenye nyuzi 39 hivi. Mtu atasema nyuzi tatu si kitu. Lakini hesabu hii ni ya gari lililosimama kwenye sakafu, springi hazijabonyea. Barabarani, springi za upande wa chini zinabonyea, tairi moja inaingia shimoni, abiria wote wanaegemea upande mmoja, na juu ya paa kuna mapipa na baiskeli ya mwinjilisti. Kila moja linakula sehemu ya zile nyuzi zilizobaki. Anayelipia upungufu huo si fundi wala ofisi. Ni muuguzi na mama aliyeketi nyuma.

Mbona magari ya watalii yananyanyuliwa?

Swali hili limeulizwa na vijana, na ni swali zuri. Ni kweli, gereji za Arusha na Moshi zina ujuzi mkubwa wa kubadilisha Land Cruiser kwa kazi ya utalii. Hukata chesisi na kuirefusha, hujenga bodi yenye viti vingi na paa linalofunguka, hurefusha propela na kuimarisha springi.

Lakini angalieni sababu. Gari likirefushwa, tumbo lake hugusa kwa urahisi linapovuka tuta, hivyo linahitaji kupandishwa. Likiongezewa bodi nzito, springi za zamani hulala, hivyo zinahitaji nguvu. Gari hilo karibu siku zote hubeba uzito ule ule, watu wale wale kiasi kile kile, na jioni linarudi kwenye kampuni yenye mafundi na stoo ya vipuri. Gari letu asubuhi linabeba wauguzi wawili, mchana tani ya mabomba, jioni ni tupu. Springi ngumu ya kubeba tani moja, siku ikiwa haina mzigo, humrusha mgonjwa kama mpira. Mafundi wa utalii hawakukosea. Wametibu ugonjwa wao, na wetu ni mwingine.

Mambo saba tunayopendekeza

Kwanza, gari lipimwe kwenye mizani likiwa tupu na likiwa na mzigo wetu wa kawaida, kisha springi za nyuma ambazo zimelala zibadilishwe kwa springi za uzito huo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kama gari litapanda kidogo kwa sababu ya springi mpya, lisizidi inchi 2, na vali ya breki irekebishwe siku hiyo hiyo. Tusikubali vitofali vya chuma chini ya springi wala shakoli ndefu za kuchomelea.

Pili, tairi zibaki za kimo cha kiwandani, lakini ziwe za meno ya tope. Tununue na minyororo ya tairi, kipimo cha upepo na pampu, ili dereva aweze kupunguza upepo kwenye tope na kuurudisha kabla ya kuingia lami.

Tatu, ifungwe loki ya difu ya nyuma. Gari linapokwama, mara nyingi gurudumu moja linazunguka bure na la pili limesimama, kwa sababu difu hupeleka mzunguko kule kwenye urahisi. Loki huyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Kwa tope letu, hii itatusaidia kuliko inchi yoyote ya kunyanyua. Sharti lake ni moja: itumike kwenye tope tu na ifunguliwe kwenye lami. Hata gia ya magurudumu manne, kwa gari letu, haitumiki kwenye lami kavu, kwani propela za mbele na nyuma hukazana zenyewe kwa zenyewe.

Nne, mirija ya kupumulia ya difu na giaboksi irefushwe mpaka juu. Difu yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa ndani yake hujikunja na kuvuta maji. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi zinaanza kufa polepole. Mkonga unalinda injini tu, difu hauilindi. Mpira wa mita chache na vibano vyake unatosha kuzuia hasara hiyo.

Tano, chuma cha tela kinachoning'inia kiondolewe na kifungwe kinapohitajika tu, na ngazi za pembeni zipandishwe. Hizo ni alama mbili kati ya tatu tulizoziona chini ya gari. Mzigo mzito nao ushuke toka kwenye paa.

Sita, bomba la grisi likae ndani ya gari. Krosi zote zipigwe grisi kwa ratiba, na kila baada ya kuvuka maji. Krosi mbili za akiba ziwepo. Dereva na msaidizi wake wapate mafunzo ya siku chache ya kuendesha kwenye tope na miteremko, na wawe na daftari la gari ambalo kamati inalikagua kila robo mwaka.

Saba ndilo la majembe. Difu yetu inashikwa na mgongo wa katikati. Gereji haiwezi kuuondoa mgongo huo. Msaragambo unaweza. Kila usharika wa tambarare ukichagua sehemu zake mbili au tatu mbaya zaidi, ukaandaa msaragambo kabla ya Machi, mgongo ukaparuliwa, mashimo yakajazwa mawe na maji yakachimbiwa njia ya pembeni, difu itapata nafasi kubwa kuliko tuliyohesabu kwa tairi. Sharika za juu zitazame mahali mifongo inapokata barabara. Pale palipo wazi, tuweke kalavati, tukishirikiana na serikali ya kijiji na wenye mfongo, ili maji ya shamba yapite na gari lipite. Barabara hiyo itawafaa pia wenye bodaboda, wenye mikokoteni na watoto wa shule, ambao hakuna anayenyanyua vyombo vyao.

Kwa marafiki zetu wahisani

Tunajua baadhi yenu mtasoma maneno haya katika jarida letu. Tunawashukuru kwa moyo wa dhati. Mlipoona picha ya gari letu kwenye tope, hamkugeuza uso. Tunaomba msione kwamba zawadi inakataliwa. Tunaomba iruhusiwe kubadilishwa, kutoka vifaa vya kunyanyulia kuwa loki ya difu, springi za uzito sahihi, tairi za tope na mabomba ya kalavati. Sharika zitatoa nguvu kazi, mawe na mchanga. Tutawatumia profoma za mafundi wasiopungua watatu, na baada ya masika tutawaandikia ni mara ngapi gari limekwama na wapi, kutoka kwenye daftari, bila kupamba.

Tunaomba pia tuseme jambo la jumla. Kifaa kinachofaa katika nchi yenye duka la vipuri kila mji kinaweza kuwa mzigo mahali ambapo kipuri chake kinaagizwa kwa meli. Kabla ya kutuma kifaa, tuulizeni kitu gani kimekwaruzwa. Tutalaza turubai chini na kuangalia.

Kazi ya kamati

Wajumbe, sheria nayo ipo. Gari lolote barabarani linatakiwa kuwa salama kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mabadiliko yoyote makubwa ya gari ni vema kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla hayajafanywa. Ajali ikitokea, hakuna anayetaka kusikia kwamba gari lililokatiwa bima si hili lililo korongoni.

Tunaomba mambo matatu kutoka kwenu. Kwanza, jadilini mapendekezo haya saba usharikani na mtuletee majibu kwa maandishi, hata kama hamkubaliani nasi. Pili, kila kamati ituletee orodha ya sehemu mbaya za barabara yake, zikitajwa kwa jina la mahali, na tarehe ya msaragambo. Tatu, vijana walioleta pendekezo la kwanza tunawaomba wawili wao waingie kwenye kamati ndogo ya gari. Walikuwa wa kwanza kusema kwamba hali iliyopo haivumiliki, na hapo walisema kweli. Sasa tunawahitaji waje na jicho lile lile wakati springi mpya zinapofungwa na fundi anaposema kazi imekwisha.

Yule mjenzi wa kwenye mfano aliambiwa akae chini kwanza ahesabu gharama ya mnara wake. Sisi mnara wetu una magurudumu na unabeba watu. Hesabu yake tumeileta mbele yenu, na uamuzi ni wa kamati.

 Tunakaribisha maswali.